Nani anaweza kufanya nini dukani kwako? Chora jedwali, kisha likague

Wengi wetu tunauza mtandaoni na msaidizi mmoja au wawili. Ukimuuliza mtu kama duka lake liko salama, anakujibu, "Huyu dada namwamini." Kuamini ni kuzuri, ila imani haikaguliki. Ruhusa zinakaguliki, tena kwa karatasi na kalamu tu.

1. Chora jedwali. Watu waandike kushoto, kazi ziandike juu: kujibu wateja, kubadili bei, kuthibitisha malipo, kutoa mzigo, kuongeza admini. Weka tiki kwa kila anachoweza mtu kufanya. Wataalamu wa kompyuta wanatumia jedwali la namna hii tangu miaka ya 1970.

2. Andika sheria moja isiyovunjwa. Yangu ni hii: msaidizi anayethibitisha malipo asiwe ndiye anayetoa mzigo. Akiwa na vyote viwili, anaweza kusema "imelipwa", mzigo ukaondoka, na asiwepo wa kushtuka. Mwaka 1987 David Clark na David Wilson walieleza kwamba usalama wa kompyuta za biashara sio sawa na wa jeshi. Jeshi linahofia zaidi siri kuvuja. Biashara inahofia zaidi wizi na hesabu kuchezewa, na kinga yake kubwa wahasibu wanaijua zamani: kugawa kazi.

3. Kagua mstari kwa mstari. Tiki mbili ulizozikataza zikikutana kwa msaidizi mmoja, sheria imevunjika. Na kama wasaidizi wawili wanatumia neno la siri moja, unganisha mistari yao iwe mmoja, maana kwa mtandao hao ni mtu mmoja. Hapa ndo majedwali mengi yanafeli.

4. Angalia nani anagawa ruhusa. Msaidizi anayeweza kuongeza admini, kesho anaweza kuipa akaunti yake nyingine tiki ambayo leo hana. Mwaka 1976 Michael Harrison, Walter Ruzzo na Jeffrey Ullman walithibitisha kwa hesabu kwamba sheria za kugawa ruhusa zikiachwa huru kabisa, hakuna programu inayoweza kujibu kila mara kama ruhusa fulani itamfikia asiyestahili. Kwa hiyo rahisisha: mwenye duka peke yake ndo agawe. Hapo jedwali la leo litabaki hivyo mpaka wewe ulibadilishe.

5. Linganisha karatasi na simu. Fungua mipangilio ya ukurasa wako, soma majina ya maadmini wote. Jina lililopo kwenye simu na halipo kwenye karatasi, litoe leo. Msaidizi akiacha kazi, futa mstari wake na ubadili neno la siri siku hiyohiyo.

Ukimaliza, hesabu: ni wangapi dukani kwako wana tiki ya kuongeza admini? Wakizidi mmoja, anzia hapo.