Uvujaji Unaoishia Kwenye Ankara

Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Tangu hapo viwanda kadhaa vya Tanzania vinanunua nishati isiyoonekana kwa macho wala kuwekwa kwenye mizani. Mita huhesabu ujazo, lakini gesi hubanika, kwa hiyo ujazo uleule unaweza kubeba gesi nyingi au kidogo kulingana na presha na joto. Pale mita inapohesabu ujazo moja kwa moja, presha kamili ikisomwa kwa kosa la asilimia 1, ankara nayo hukosewa kwa takriban asilimia 1.

Usomaji huo unategemea huduma ambayo kurasa za biashara huigusa mara chache: ugezi wa vifaa vya presha, yaani kulinganisha usomaji wake na wa kipimo kinachoaminika. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linayo maabara ya ugezi, nchini Kenya kazi hiyo inafanywa na shirika la viwango la huko, KEBS, na zipo maabara binafsi zinazohudumia viwanda, hospitali zenye mitambo ya oksijeni, karakana za ndege na sasa vituo vya kujazia magari gesi asilia. Mashine inayobeba kazi ni kidhibiti presha. Ndani yake kuna vali ya kuingiza gesi, vali ya kuitoa, na kihisi kinachoziamuru zifunguke au zifunge mpaka presha itulie pale fundi alipotaka. Geji ya mteja huunganishwa kwa mpira, kisha namba mbili hulinganishwa.

Kidhibiti kikianza kusumbua, mara nyingi lawama huangukia mashine yenyewe. Hufungashwa na kupelekwa kwa mtengenezaji ng'ambo, na maabara hukaa bila chombo chake cha kuingizia fedha. Huo ni uamuzi wa haraka mno. Kabla ya kulipa nauli, chomoa mpira na uzibe tundu la kutolea presha kwa kizibo imara, kisha amuru presha ileile. Ikitulia, mashine ni nzima, na tatizo liko kwenye mpira, maungio au geji ya mteja. Kizibo hicho ni bei ya chakula cha mchana.

Mwelekeo wa tatizo nao husema mengi. Presha inayosita kupanda humrudisha fundi kwenye mtungi wa naitrojeni unaolisha mashine na rigyuleta yake, kwani kidhibiti huhitaji gesi inayoingia iwe na presha ya juu, kwa kawaida kama asilimia 10 zaidi ya kiwango cha juu kinachotakiwa. Inayosita kushuka humpeleka kwenye njia ya kutolea, ambayo huenda imeziba. Ikipanda na kushuka bila kutulia, kuna uwezekano vali ina uchafu, au ujazo uliounganishwa ni mdogo mno au mkubwa mno kwa mipangilio ya mashine. Uchafu wenyewe huletwa na wateja: mafuta yaliyobaki kwenye geji, maji ya kompresa katika hewa nzito ya pwani, na vipande vya tepu nyeupe ya mafundi bomba iliyozungushwa hata kwenye maungio yasiyoihitaji. Mtego wa uchafu ukiwekwa kati ya geji na kidhibiti huzuia sehemu kubwa ya haya.

Joto ndilo linalopotosha watu wengi. Gesi ikibanwa haraka hupata moto, kisha ikipoa presha hushuka ingawa hakuna hata chembe iliyotoroka. Karibu na nyuzi 27 za Selsiasi, badiliko la nyuzi 1 hubadili presha kamili ya gesi iliyofungiwa kwa takriban sehemu moja ya 300. Kwa bar 20 hiyo ni karibu milibar 67, wakati geji yenye usahihi wa asilimia 0.05 kwa kipimo hicho inaruhusiwa milibar 10 tu. Kiyoyozi kikipuliza mpira moja kwa moja kinatosha kuharibu kazi. Dawa yake ni kufunga vali na kusubiri: mshuko unaopungua kasi mpaka ukakoma ni wa joto; unaoendelea dakika baada ya dakika ni uvujaji, na sabuni ya maji itaonesha ulipo.

Uvujaji wenye hasara kubwa zaidi ni ule usiowasha taa yoyote. Oringi iliyochakaa karibu na geji inavuja kidogo, na kidhibiti, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kinaendelea kujazia. Skrini inaonesha bar 20 iliyotulia. Lakini gesi inayopita kwenye mpira mrefu na mwembamba hupoteza presha njiani, na kwenye geji imefika 19.9. Geji inasema kweli, 19.9. Fundi anaiona imekosea na kuirekebisha isome 20. Kifaa kilichokuja kikiwa sahihi kinarudi kiwandani kikiwa na cheti, kikisoma juu kwa nusu asilimia, na mnunuzi wa gesi analipia kila mwezi gesi ambayo hakuichoma. Ndiyo maana siwezi kuita jaribio la uvujaji hatua ya hiari.

Upo pia upotevu mwingine ndani ya maabara zenyewe. Anayepima hadi bar 100 kwa mtungi uliojazwa bar 200 hulazimika kuuacha unapofika kama 110, na zaidi ya nusu ya naitrojeni aliyonunua inabaki humo. Maabara zenye mpango huuhamishia kazi za presha ndogo, au hununua pampu ya kuongeza presha ambayo hujilipa kadiri kazi zinavyoongezeka.

Kwa upande wa mteja, la kudai kwenye mkataba ni usomaji wa geji kabla haijaguswa, uandikwe kwenye cheti pamoja na ule wa baada ya marekebisho, na matokeo ya jaribio la uvujaji yawekwe kwenye kumbukumbu ya kazi. Usomaji huo wa awali ndio unaowawezesha muuzaji na mnunuzi kurudi kwenye ankara za miezi iliyopita na kukokotoa nani anamdai mwenzake.