Mbwa Kali Amepanda Ngong

Geti yetu ya Riruta iko na kibao: MBWA KALI. Rangi nyekundu, imeandikwa na msee alikuwa na haraka. Mbwa mwenyewe anaitwa Bosco. Wa mtaa pure, sikio moja juu, lingine limelala, na ukali wake wote uko kwa hicho kibao. Mzae anadai mbwa ni ya kufungwa mchana, kufunguliwa usiku, na kurushiwa ugali ya jana. Kutembezwa? "Kwani imekuwa mzungu?" Buda, hizo ni fikra za enzi ya simu ya mezani. Muache na redio yake.

Jumapili tukatoka. Mimi, siz, watoi wake wawili, wa miaka sita na tisa, na Mbwa Kali. Form ilikuwa Ngong Hills.

Wasee wa mtaa hudhani hiyo hill ni ya mabazu wa Karen. Wale wa kamba ya ngiri tatu, na husky kwa apartment ya Kilimani, balcony saizi ya meza. Husky, msee! Mnyama wa theluji anahema saa saba mchana akicheki jam ya Ngong Road. Hiyo mbwa huniuma roho, nakuapia. Bosco hakununuliwa. Alikuja na mvua, akaingia chini ya ndai ya jirani, akakataa kutoka. Kamba yake ni manila ya hardware, soo moja, na haijawahi kukatika.

Noma ilikuwa mat. 111 ya kutoka tao inapita Dago Corner inaenda mpaka Ngong. Kanga wa kwanza alicheki Bosco akagonga mat iende. Wa pili, same story. Wa tatu akasema, "Hiyo inalipa kama mtu." Fiti, nikalipa. Bosco akalala miguuni pangu siti ya nyuma, na kila msee akiingia, watoi wanamwambia, "Huyu amelipa." Mathe mmoja wa kanisa akahamia mbele kwa dere. Kama huna ndai, shika steji saa moja asubuhi, kabla ya nguo za Jumapili kujaa. Hakuna mtu anataka nywele za mbwa kwa suti.

Ngong town hadi geti ya KFS ni mlima tayari. Hapo ndio utajua nani amevaa viatu. Kulikuwa na dem na Air Force nyeupe, fresh kutoka kwa boksi, na usiku ilikuwa imenyesha. Kufika windmill ya kwanza, zilikuwa Air Force za kahawia. Aibu ya bei ghali hiyo. Ingia Toi market, tafuta boots za mtumba zenye meno, bargain bila huruma. Na beba jacket. Huko juu upepo haujui ni January.

Hizo windmill ndizo zilimaliza Bosco. Mbili za kwanza zilisimama 1993, msaada wa Ubelgiji. Siku hizi ni shamba zima la KenGen, megawati 25.5, na ukisimama chini yake unasikia vuuu, vuuu, kama mtu anapepeta mchele wa harusi. Kivuli cha panga kinapita kwa nyasi. Bosco akakiona. Akaruka. Kikapita. Kingine kikaja, akaruka tena, mdomo wazi, anauma nyasi tupu. Watoi wakaanza kuruka na yeye. Nusu saa nzima, hakuna mtu aliuliza simu iko wapi.

Juu kabisa ni mita 2,460. Vilele ni saba, na kuvivuka vyote hadi upande wa Kiserian ni kazi ya masaa manne, matano. Na watoi, usijaribu. Sisi tulipanda kilima kimoja, tukaketi. Upande huu unacheki Nai yote, minara ya Upper Hill imekuwa kama vijiti vya kiberiti. Geuka, ardhi inaanguka mpaka Bonde la Ufa. Wamaasai waliita hapa Enkong'u e-Muny, chemchemi ya kifaru. Nilimwambia mtoi wa miaka sita hiyo story, akakaa chonjo akitafuta kifaru mpaka tukashuka.

Sasa skiza, hapa siko na mchezo. Hiyo hill iko na wenyewe. Kondoo walitokea kwa ukungu, kama arobaini, na kijana wa Kimaasai na mbwa wake watatu bila kamba, wako kazi. Kijana akasema tu, "Shika mbwa." Nilikuwa nimeshashika. Mbwa yako ikikimbiza kondoo moja ikavunjika mguu, umeharibu siku ya mtu na mfuko wake. Kamba haitoki mkononi, hata kama dogi yako ni malaika. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, kabla hujafikiria kubeba mbwa mahali kuko na watoi. Beba maji yake pia, na kibakuli. Ukitaka kupita hapo kwa windmills uende mbali, muwe mbogi, na mchukue ranger.

Tukashuka, tukamanga smokie pasua, Bosco akapata mbili bila kachumbari. Kwa mat ya kurudi akalipiwa tena, akalala hadi Dago.

Jioni nikaonyesha mzae picha: ulimi nje, masikio yote mawili yamesimama, upepo kwa manyoya. Akavaa miwani, akacheki sana. "Hii mbwa ni ya nani?"

Jumapili ijayo tunarudi. Steji ya Dago Corner, saa moja kamili. Kuja na kamba na nauli ya mbwa.