MTOTO ANAPOHAMA KITANDA CHA MAMA



Tuseme nyumbani kwako yupo mtoto wa miaka miwili. Tangu alipozaliwa analala na mama yake. Analala ndani ya chandarua. Usiku akishtuka, humgusa mama, kisha hulala tena. Sasa mama ni mjamzito. Baada ya miezi michache atazaliwa mtoto mwingine. Je, huyu wa kwanza atalala wapi?

Katika nyumba nyingi swali hili halijibiwi mpaka siku mama anapojifungua. Siku hiyo mtoto mkubwa huambiwa, "Leo utalala na dada yako." Hutandikiwa kipande cha mkeka chini, karibu na ukuta. Hana shuka lake. Hana chandarua, kwa sababu chandarua kimebaki kitandani kwa mama na kichanga. Usiku analia. Watu wazima husema, "Huyo ana wivu."

Wivu upo, hatukatai. Lakini hebu hesabu mambo yaliyompata mtoto huyu kwa siku moja. Amekosa joto la mama. Amekosa kitanda alichokizoea. Na jambo lililo baya kuliko yote, amekosa chandarua. Kulia kwake kutakwisha baada ya siku chache. Mbu hawatakwisha.

Katika nchi ya Ghana lipo kabila la Waga. Watu hao wana jina la ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Daktari Cicely Williams alifanya kazi huko, naye aliliandika jina hilo katika jarida la madaktari mwaka 1935. Jina hilo ni kwashiorkor. Sisi tunasema kwashakoo. Ugonjwa huo unatokana na lishe mbaya, hautokani na kitanda. Lakini Waga waliona jambo la kweli: mtoto anayempisha mdogo wake yumo hatarini.

Chandarua ni cha nani?

Mbu wanaoleta malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala. Mtoto wa umri chini ya miaka mitano hana nguvu za kutosha za kupigana na ugonjwa huo. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili bado anahitaji chandarua, sawa na mdogo wake. Hajakuwa mkubwa kwa sababu tu mwingine amezaliwa.

Wenzetu wa wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, wanalijua jambo hili. Mwaka 1997 ilianza kazi ya kueneza vyandarua vyenye dawa katika vijiji vyao. Wataalamu waliwafuatilia watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Wataalamu walilinganisha watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa na wale waliolala bila vyandarua. Waliolala ndani ya vyandarua walinusurika zaidi. Tofauti ilikuwa asilimia 27. Nyuma ya hesabu hiyo wapo watoto walio hai, wanaocheza.

Hapa Tanzania Bara, mwaka 2016 ulianza utaratibu wa kugawa vyandarua kliniki. Mama mjamzito hupewa anapohudhuria mara ya kwanza. Mtoto naye hupewa anapochanjwa surua, akiwa na miezi 9. Basi fikiri vizuri. Kile alichopewa mtoto siku ya chanjo ni chake. Akihama, kihame naye. Kile atakachopewa mama kwa mimba mpya ndicho cha mama na kichanga. Kama hukupewa, au kama kimeraruka, uliza kliniki kabla mtoto mpya hajazaliwa.

Tumewahi kusikia watu wakisema, "Chandarua kile tumekihifadhi sandukuni, kisichakae." Mbu hawaogopi chandarua kilicho sandukuni. Wengine huvulia samaki, wengine huzungushia bustani ya mboga. Mtoto haulizwi.

Chandarua kinaweza kutumika hata bila kitanda. Kifunge juu kwenye miti ya paa, kwa kamba. Kiteremshe mpaka chini, halafu uchomeke pindo chini ya mkeka pande zote. Kikiwa kipya, kitoe kwenye mfuko wake ukitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kikichafuka, kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, taratibu. Kianike kivulini, kwa sababu jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Tundu likitokea, lishone siku hiyo hiyo.

Mhamishe mapema

Usingoje siku ya kujifungua. Anza miezi miwili au mitatu kabla. Hapo mtoto hataona kuwa amefukuzwa na mdogo wake. Ataona kuwa amepata kitanda.

Mwanzoni mtengenezee mahali pake katika chumba kile kile, kando ya kitanda cha mama. Mwache asaidie kubeba mkeka. Mwache ashike kamba wakati baba anapofunga chandarua. Kwa siku chache alale hapo mchana tu. Kisha jaribu usiku. Mpe khanga kuukuu ya mama ajifunike. Khanga hiyo ina harufu ya mama, naye ataona kama mama yuko karibu.

Usiku wa kwanza ataamka na kurudi kwa mama. Usimgombeze. Mshike mkono, mrudishe mahali pake, kaa naye kidogo. Huenda ukafanya hivyo mara tatu usiku mmoja. Inachosha, hasa kwa mama mwenye mimba aliyeshinda shambani. Kwa maoni yetu kazi hii inamfaa baba. Baba akiifanya sasa, mtoto atazoea kumwita baba usiku, na mama atakapojifungua atapata nafasi ya kumnyonyesha kichanga bila kuvutwa huku na huku.

Baada ya wiki kadhaa, mtoto akizoea, anaweza kwenda kulala chumba cha ndugu zake au cha bibi. Watoto wengi hupenda sana kulala kwa bibi, maana kuna hadithi. Jambo hili ni jema. Ila usione haya kwenda kuangalia chandarua cha bibi. Mara nyingi ndicho kikuukuu kuliko vyote nyumbani.

Kama mama amekwisha jifungua na mtoto hajahamishwa, usimhamishe kwa ghafula wiki hiyo. Mweke upande wa baba. Kichanga kiwe upande wa mama, wala wasilale wawili hao wakigusana, maana mtoto mkubwa hugeuka sana usingizini.

Atalala juu ya nini?

Kama unaweza, mtengenezee kitanda. Miti minne ya miguu, miti ya ubavuni, na kamba za katani zinatosha. Kiwe kifupi, ili akianguka asiumie. Kitanda humwinua mtoto kutoka sakafuni, na sakafu ya udongo ina mambo yake. Funza hukaa katika vumbi. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta, hutoka usiku kunyonya damu, na huweza kuleta homa inayoondoka na kurudi. Wewe uliyelala juu huwaoni. Mtoto aliye chini huwaona wao kwanza.

Kama kitanda hakijapatikana, kandika sakafu na kuziba nyufa. Fagia kila siku, nyunyiza maji kidogo. Kisha tandika mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine. Godoro la sufi au la majani makavu linafaa kwa mtoto wa miaka miwili, lakini lianike juani mara kwa mara. Jua huondoa unyevu na harufu. Kagua pia mishono ya godoro na maungio ya kitanda. Kunguni hujificha hapo.

Sasa tuseme juu ya mkojo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu kukojoa kitandani si kosa. Wapo wenye miaka mitano ambao bado hukojoa, nao si wagonjwa wala wavivu. Wamelala sana tu. Tena mtoto aliyekuwa ameacha huweza kuanza tena wakati mdogo wake anapozaliwa. Kumchapa hakusaidii. Kumzungusha kijijini akiimbiwa kikojozi na watoto wenzake hakusaidii pia, bali humfanya aogope kulala. Mpeleke nje kabla ya kulala. Weka kipande cha turubai chini ya shuka lake, ukikaze vizuri. Asubuhi fua shuka, anika mkeka, usiseme neno.

Mazoea ya jioni

Mtoto hulala vizuri kama jioni zake zinafanana. Aoge, ale, anawe miguu, aende kujisaidia, kisha alale. Kila siku hivyo hivyo, na saa ile ile. Baada ya muda mwili wake wenyewe utaijua saa hiyo.

Tatizo kubwa vijijini ni chakula cha jioni. Mama anarudi kutoka shambani jua likizama. Kuni, maji, kusaga, kupika. Ugali unaiva saa 2 usiku au saa 3. Mtoto amekwisha lala tangu saa 1. Huamshwa, hutiwa tonge mbili mdomoni akiwa amefumba macho, kisha hulazwa tena. Au haamshwi kabisa. Mtoto huyu ataamka usiku na kulia, naye ana haki, kwa sababu ana njaa. Mwekee chakula chake mchana, kifunike vizuri mahali pasipo na nzi, ukipashe moto mpaka kichemke, ale kabla jua halijazama. Au dada yake mkubwa ampikie uji mapema. Watu wazima wanaweza kungoja.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13. Akilala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, amepata saa 10. Alale tena mchana kidogo.

Na kichanga je?

Kichanga wa miezi mitatu ya kwanza hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande. Huamka kunyonya usiku na mchana. Tumbo lake ni dogo, maziwa huisha upesi. Mnyonyeshe. Usimpe dawa ya kikohozi wala pombe ili alale. Hizo ni sumu kwake.

Mlaze chali, si kifudifudi. Usimwekee mto. Usimfunike kichwa, hata kama kuna baridi. Mvishe nguo za kutosha badala ya kumrundikia mablanketi. Kama baba au mama amekunywa pombe, asilale kitanda kimoja na kichanga. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya kuota. Hewa yake haina harufu, nayo huua nyumba nzima. Koroboi pia ikae mbali na chandarua.

Jambo moja zaidi kwa watoto wote wawili. Usingizi mwingine si usingizi. Mtoto akiwa na homa, akalala mno, ukimwamsha haamki vizuri, au hataki kunyonya, au anashikwa na degedege, usingoje kupambazuke. Mchukue umpeleke zahanati au kituo cha afya usiku huo huo. Hata homa ya kawaida, mpeleke akapimwe malaria kabla saa 24 hazijapita, na uchukue kadi yake ya kliniki.