Fahamu: Kuhama Kisumu na mbwa wako
Umepata kazi Uingereza au Ujerumani na hutaki kumwacha mbwa wako Milimani? Anza mapema. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazolegezewa masharti ya kichaa cha mbwa.

Kwanza chipu, ndogo kama punje ya mchele, hudungwa chini ya ngozi ya shingo. Ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa; ikitangulia chipu, haihesabiki. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo hutolewa damu, ipimwe kinga katika maabara iliyoidhinishwa, kisha mnasubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Hakuna njia ya mkato, na inauma kuwa na tiketi huku mbwa hajaruhusiwa. Paka naye ni hivyohivyo.

Muone daktari wa mifugo kabla hujakata tiketi.