Skii Colorado: Kwa nini safari ya siku nne hupangwa kwa miezi tisa?

Huenda umewahi kutumiwa kwenye simu picha ya ndugu au rafiki aliyeko Marekani, amevaa koti nene na miwani mikubwa, amesimama juu ya mlima mweupe. Mchezo anaoucheza unaitwa skii. Mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, kisha huteremka mlimani akiteleza juu ya theluji.

Kwetu Afrika Mashariki wengi hatujauona kwa macho, ingawa Kenya imewahi kuwakilishwa. Philip Boit alishindana katika skii ya masafa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Sabrina Simader akashindana katika skii ya kuteremka mlimani huko Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018.

Katika makala haya tunaeleza jinsi kundi la marafiki linavyopanga safari ya namna hiyo. Mfano wetu ni Vail, katika jimbo la Colorado, magharibi mwa Marekani. Utaona kuwa karibu kila uamuzi unategemea jambo moja: safari hupangwa kwa kumwangalia aliye dhaifu zaidi katika kundi, si aliye hodari.

Vail ni mahali gani?

Ni mji mdogo chini ya mlima mkubwa. Eneo lake la skii lilifunguliwa Desemba 1962. Mmoja wa waanzilishi wake, Pete Seibert, alikuwa askari wa kikosi cha milimani kilichofanyia mazoezi karibu na hapo wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Leo eneo la kuteleza linazidi hekta 2,100.

Mji uko takriban mita 2,475 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya kuteleza iko mita 3,527. Kwa wanaoujua Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mji wa Vail uko chini kidogo ya kituo cha Mandara, na kilele chake chini kidogo ya Horombo.

Tofauti ni mwendo. Kilimanjaro hupandwa kwa miguu, pole pole, na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Vail watu hupandishwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Mtu anaweza kuondoka asubuhi kwenye mji wa pwani, akalala usiku huo mita 2,475, na kesho yake akawa mita 3,500, ambako hewa anayovuta ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni aliyoizoea.

Kwa nini kuanza mapema?

Sababu ya kwanza ni fedha. Tiketi ya siku moja ya kupanda viti hivyo, ikinunuliwa siku yenyewe katika msimu wa watu wengi, inaweza kuzidi dola 300 kwa mtu mmoja. Tiketi za msimu huanza kuuzwa mwezi Machi, na mauzo hufungwa mapema Desemba. Anayenunua mapema hulipa kidogo zaidi kwa kila siku. Ndiyo maana wanaotaka kwenda Desemba huanza kuzungumza Machi.

Mbali na tiketi kuna nauli, nyumba ya kulala, chakula, na kukodi vifaa. Makundi mengi hukodi nyumba moja yenye jiko na kupika wenyewe. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Je, asiyeteleza alipie tiketi ya viti? Anayejitoa wiki mbili kabla atarudishiwa fedha? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Makundi yenye busara huandika majibu hayo kabla mtu hajatoa hata dola moja.

Bima nayo huwekwa kwenye hesabu. Matibabu Marekani ni ghali mno, na mguu uliovunjika unaweza kuacha deni la miaka.

Barabara ina masharti

Kutoka uwanja wa ndege wa Denver hadi Vail ni takriban kilomita 190. Barabara kuu ya I-70 hupita katika handaki la Eisenhower, lililo zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Jumamosi asubuhi magari hujazana kuelekea milimani, na Jumapili alasiri hujazana kurudi. Kuanzia Septemba hadi Mei, sheria ya Colorado inataka magari yanayopita sehemu ya milimani ya barabara hiyo yawe na matairi yanayofaa theluji, au yabebe minyororo ya kufunga kwenye matairi.

Wengine hulala kwanza Denver, mita 1,600 hivi, chini kidogo ya Nairobi. Usiku mmoja hapo husaidia mwili kuanza kuzoea.

Ugonjwa wa mwinuko

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande juu zaidi. Apumzike, anywe maji, aache pombe. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba anapotembea, au kuhema hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja na apelekwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kulipia safari.

Hatari kubwa hapa ni aibu. Mtu huficha maumivu asiwaharibie wenzake siku. Kundi zuri hukubaliana mapema kwamba atakayesema naumwa hatachekwa.

Usidanganye unapokodi vifaa

Kiatu cha skii hushikwa kwenye ubao kwa kifungo kinachoachia mtu anapoanguka. Fundi hukirekebisha kwa kufuata uzito, urefu, umri na uwezo wa mtelezaji. Anayejidai hodari hufungiwa kwa nguvu zaidi, na siku akianguka kifungo huenda kisiachie. Mguu ndio unaovunjika.

Njia za kuteremkia zina alama. Duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa bluu ni ya wastani, almasi nyeusi ni ngumu. Mgeni huanza na mwalimu kwenye mteremko mdogo, avae kofia ngumu, na aepuke nguo za pamba, kwa kuwa zikilowa hukaa na baridi mwilini. Rafiki asimchukue kwenye almasi nyeusi eti atajifunza akiwa njiani.

Sheria ya Colorado inamtaka anayeteremka awe wa kwanza kuepuka kumgonga aliye chini yake. Ajali ikimjeruhi mtu, aliyehusika haruhusiwi kuondoka bila kutoa jina na anwani yake kwa wahusika wa mlima.

Kamba isivukwe

Nje ya maeneo yanayokaguliwa, theluji inaweza kuporomoka na kumfukia mtu. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kupona akitolewa ndani ya dakika 15 hivi. Baadaye nafasi hiyo hupungua haraka. Msaada wa mbali mara nyingi huchelewa, kwa hiyo wanaokwenda huko hubeba kifaa cha kutoa ishara, fimbo ndefu ya kupima theluji na koleo, na hujifunza kuvitumia. Kundi lenye wageni halina kazi huko.

Simu nayo haitoshi. Baridi humaliza betri haraka, hivyo iwekwe ndani ya koti, karibu na mwili. Kundi lipange pia mahali na saa ya kukutana, simu ziwake zisiwake.

Ukialikwa, uliza haya

Kabla ya kutuma fedha, muulize anayekualika maswali manne. Gharama yote ni kiasi gani, na nikijitoa narudishiwa nini? Tutalala wapi usiku wa kwanza? Nani atanifundisha? Na nikiugua huko juu, nani atateremka nami? Kama swali la mwisho halina jibu, mpango huo bado haujaiva.