JIKO LA UMEME LA KUCHOMEA NYAMA: TUMIA BILA KULETA MOTO



Wachoma nyama wa Endiinzi na Mbarara wengi bado wanapuliza makaa, lakini wapo wanaotumia grili ya umeme. Na sisi katika makazi ya Nakivale tumeanza kuziona, nyingine mpya, nyingine mitumba. Sababu tunazijua sote: makaa yamepanda bei, na kutafuta kuni kunatugombanisha na wenyeji. Mwenye duka lililofikiwa na nyaya anaona afadhali achome brosheti na kuku kwa umeme. Hatumkatazi mtu. Tunaomba tu asome habari hizi kabla ya kuiwasha, kwa sababu mabanda yetu yamebanana na jirani yako ndiye atakayeungua pamoja na wewe. Soko la Owino la Kampala liliungua mwaka 2009, likaungua tena 2011, na mabanda yake yalikuwa yamebanana namna hiyohiyo.

Kwanza ujue kwamba grili inakula umeme mwingi sana. Balbu ya kisasa inatumia wati 5 au 10. Grili ya kawaida inatumia wati 1,000 hadi 2,000, yaani sawa na balbu zaidi ya mia moja zikiwaka kwa pamoja. Umeme huo wote unapita ndani ya waya mmoja. Waya ukiwa mwembamba unapata joto, plastiki yake inalainika, nyaya za ndani zinagusana, na moto unaanzia ndani ya ukuta au chini ya mkeka ambapo humuoni mtu wala moshi. Kwa hiyo usichomeke grili kwenye ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na soketi hiyo isiwe na kitu kingine. Kama ni lazima utumie ekstensheni, tafuta yenye waya mnene ulioandikwa ampea 13, na uikunjue yote. Waya uliozungushwa kama kamba unahifadhi joto lake.

Baada ya dakika kumi, gusa plagi kwa nyuma ya mkono. Ikiwa ya moto, zima. Plagi inayochoma mkono haivumiliwi hata kama wateja wamepanga mstari.

Sasa tuseme juu ya plagi zenyewe, maana hapo ndipo sisi wakimbizi tunapokosea kuliko wenyeji. Soketi za Uganda zina matundu matatu ya pembe nne. Vyombo vingi vilivyotoka Kongo na Burundi vina pini mbili za duara. Watu wetu wanasukuma kalamu au kijiti cha kiberiti katika tundu la juu ili soketi ifunguke, halafu wanazilazimisha pini mbili ziingie. Kwa redio ni vibaya, kwa grili ni hatari ya kufa. Pini hazishiki vizuri, zinatoa cheche, na soketi inaungua. Tena lile tundu la juu ndilo la waya wa ardhini. Waya huo usipoungwa, na umeme ukivuja ndani ya grili, bati lake lote linakuwa na umeme, na wa kwanza kuligusa anaweza kuwa mtoto anayeomba mnofu. Mpelekee fundi wa umeme akufungie plagi ya Uganda ya pini tatu. Na fyuzi ikikatika usiweke waya wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imekatika ili nyumba isiungue.

Wengine wanauliza kama wanaweza kutumia sola. Jibu ni hapana, kwa sola hizi tulizo nazo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo kwetu ni kubwa, ikiwa imejaa haitoshi kuendesha grili ya wati 1,500 hata saa moja. Na ukiunga inveta, nyaya za kutoka betri zitapitisha zaidi ya ampea 120. Zitayeyuka kabla nyama haijageuzwa.

Mahali pa kuweka grili ni juu ya kitu kigumu kisichowaka: tofali, saruji, meza ya chuma. Iwe mbali na ukuta wa nyasi, pazia na shitingi. Shitingi ni plastiki. Ikishika moto inadondoka matone yanayowaka, na matone hayo yanaganda juu ya ngozi. Usichome ndani ya chumba cha kulala. Nje pia uwe na paa la mabati juu yako, kwa sababu mvua na umeme havikai pamoja, na katika miezi ya mvua wingu linakuja bila kubisha hodi.

Mafuta ya nyama ndiyo yanayowasha moto mara nyingi. Yanadondoka juu ya waya mwekundu, yanawaka. Kila siku, grili ikiwa imechomolewa na imepoa, mwaga mafuta ya sinia la chini na usugue masizi. Kama grili yako imetengenezwa na sinia la kutia maji, litie maji kabla ya kuwasha. Mafuta ya jana yakiachwa ndiyo kuni ya moto wa leo.

Moto ukitokea, USIMWAGE MAJI. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanageuka mvuke mara moja na kurusha mafuta huku na huku, na maji yanapitisha umeme mpaka miguuni pako. Zima ukutani, chomoa. Ikiwa plagi yenyewe inaungua, zima swichi kuu. Halafu funika kwa kifuniko cha sufuria au mwaga mchanga mkavu. Ndoo ya mchanga iwe karibu kila siku, wala isigeuzwe kiti.

Jambo jingine ni umeme kukatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu anaondoka na kuiacha grili imewashwa. Usiku wa manane unarudi, yeye amelala, na karatasi za kufungia nyama ziko juu yake. Umeme ukikatika, chomoa hapohapo. Na ukirudia sigiri (ndugu zetu wa Kongo wanaiita mbabula), usiiingize ndani hata kukinyesha. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu usingizini. Petroli usiimwage kamwe juu ya makaa.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike kabla hujazima. Ukishindwa kuzima, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Aliyeungua, mwagie maji safi ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20, na umvue bangili na pete kabla hajavimba. Dawa ya meno, yai, unga na samli visiguse kidonda. Nguo iliyoganda usiibandue. Halafu mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.

Zimamoto wa Uganda wako chini ya Polisi. Namba ni 999 au 112. Gari lao likitoka Mbarara barabara ni ndefu, kwa hiyo piga mara unapouona moto. Sema kwanza zoni na kijiji, kisha kitu kinachojulikana kama kanisa, msikiti au bomba la maji, maana nyumba zetu nyingi hazina namba.