Dripu ya Sukari: Soma Asilimia Kabla ya Kuiomba

Wagonjwa wengi wakijisikia wachovu huomba watundikiwe dripu ya kuongeza nguvu. Chupa wanayoifikiria mara nyingi ni ya dekstrosi ya asilimia 5. Tupige hesabu. Asilimia 5 maana yake ni gramu 5 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ina gramu 25. Hizo ni kalori 85 hivi, wakati mtu mzima huhitaji karibu 2,000 kwa siku. Sahani ya ugali na maharage inaipita mbali.

Dekstrosi ni glukosi ile ile ambayo mwili huipata kwa kumeng'enya ugali huo. Viwandani hutengenezwa kwa kuvunja wanga, hasa wa mahindi, kwa vimeng'enya. Utamu wake haufikii ule wa sukari ya kawaida, lakini waokaji huipenda: hamira huila upesi, na mkate hupata rangi nzuri ya kahawia.

Kwenye dripu ina kazi nyingine. Maji matupu yakiingia mshipani hupasua chembe nyekundu za damu. Sukari ya asilimia 5 huzuia madhara hayo. Mwili ukishaitumia, yanabaki maji tu. Ndiyo maana mtoto anayeharisha, aliyepoteza maji pamoja na chumvi, hatibiwi kwa dripu hii peke yake. Sodiamu katika damu yake inaweza kushuka hadi ubongo ukavimba.

Kwa mtoto huyo, akiwa bado anaweza kunywa, pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa kunywa wa kurudisha maji mwilini, ndiyo inayofaa. Kwa lita moja ya maji ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili. Ukutani mwa utumbo kuna protini inayovusha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata. Sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye soda, huvuta maji yarudi tumboni na kuhara huongezeka.

Dekstrosi nzito ya asilimia 50 huokoa aliyezimia kwa sababu ya sukari kushuka, lakini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Basi muulize mhudumu: hii ni ya asilimia ngapi, na inatibu nini?